Nyaturu na Wenzake: Injini za Mwisho za Njia za Shamba

Wajukuu zangu, mtu akiwauliza injini bora ya treni ni ipi, msikimbilie kumtajia ile yenye nguvu kuliko zote. Muulizeni kwanza: itapita wapi?

Mwaka 1955 Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilianza kupokea majitu ya chuma kutoka kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza. Yaliitwa daraja la 59, na kila moja likabandikwa jina la mlima. Uzito wake? Tani 252 hivi. Kwa reli za upana wa mita moja, kama hizi zetu za zamani, duniani hapakuwa na injini ya mvuke iliyoyashinda nguvu. Yalipandisha mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi, na watu walisimama kuyatazama.

Lakini lilete jitu hilo kwenye njia ya Butere, au ile ya kutoka Gilgil kwenda Thomson's Falls, mji tunaouita leo Nyahururu. Lingeziponda reli, na madaraja yangesalimu amri. Haya matawi ya reli, mengi yakiwa ya miaka ya 1920, yalijengwa kwa fedha za kubana. Wajenzi hawakuchimba milima, waliizunguka. Chuma cha reli kilikuwa chembamba, mara nyingi cha ratili 50 kwa yadi, yaani kilo 25 hivi kwa kila mita. Kwa nini watumie pesa nyingi? Treni zenyewe zilikuwa chache, zikifuata mahindi, kahawa, pamba na ng'ombe.

Kwa hiyo kulihitajika injini ya aina nyingine kabisa: yenye nguvu ya kutosha, lakini inayokanyaga kwa upole. Hapo ndipo wahandisi walipoumiza vichwa, na mimi hapo ndipo ninapowavulia kofia.

Sikilizeni siri yao. Reli haiulizi injini nzima ina uzito gani. Inauliza kila ekseli, ule mtaimbo unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, inabeba tani ngapi. Mkibeba gunia la mahindi mkiwa wawili mabega yatauma. Mkiwa sita mtapiga na soga njiani. Jitu la daraja la 59 liliweka tani 21 juu ya ekseli moja. Injini za shamba zilitakiwa zisifike hata tani 12.

Tayari palikuwa na injini nzuri za daraja la 29, zilizotengenezwa Glasgow kwa kufuata mfano wa injini za Nigeria. Hizo zilikuwa na magurudumu mawili mbele, manane makubwa ya kusukuma katikati, na mawili nyuma. Wahandisi wakachukua umbo hilo, wakalipunguza uzito kidogo, kisha nyuma, chini ya tanuri la moto, wakaweka magurudumu manne badala ya mawili. Mzigo ukagawanyika. Likazaliwa daraja la 30, lenye tangi kubwa la maji kwa ajili ya nchi kavu za Tanganyika ambako visima viko mbali kimoja na kingine, na baada yake daraja la 31, lenye tangi dogo zaidi.

Za daraja la 31 zilikuwa 46. Zilijengwa mwaka 1955 na 1956 katika karakana ya Vulcan Foundry, Newton-le-Willows, karakana iliyokuwa ikitengeneza injini za mvuke tangu miaka ya 1830. Hizi zetu zilikuwa miongoni mwa za mwisho kabisa kutoka mle. Baada yake, njia zetu za shamba hazikuundiwa tena injini mpya ya mvuke.

Sasa, majina. Majitu yalipewa milima, na hizi ndogo, za daraja la 29, la 30 na la 31, zikapewa makabila ya Afrika Mashariki: Nyaturu, Masai of Kenya, na mengine mengi, kila jina kwenye kibao cha chuma ubavuni. Wakubwa wa kikoloni ndio waliochagua, na sidhani kama waliwauliza wenye majina.

Mnajiuliza zilikula nini? Makaa ya mawe? Hapana, mafuta mazito, meusi na ya kunata, yaliyopulizwa tanurini kwa mvuke mpaka yakawa ukungu unaowaka. Moto ulipita ndani ya mabomba yaliyozungukwa na maji, maji yakageuka mvuke, mvuke ukabanwa, na ulipofunguliwa njia ukasukuma pistoni. Ule mlio wa chuku-chuku mnaouiga mkicheza ni mvuke uliokwisha kazi ukitoka kwa kishindo kupitia dohani, na ukitoka hivyo huvuta hewa mpya tanurini. Kwa hiyo kadiri injini ilivyojitahidi mlimani, ndivyo moto wake ulivyozidi kuwaka. Hakuna aliyehitaji kuupuliza!

Mafuta hayo yalikuwa na ubaya mmoja: masizi. Yaliganda ndani ya mabomba na kuzuia joto. Dawa yake ilikuwa mchanga. Mtia moto alirusha mchanga mkavu tanurini injini ikiwa inavuta kwa nguvu. Mchanga ukafyonzwa, ukasugua mabomba, na nje dohani ikatema wingu jeusi tii. Ole wake aliyekuwa ameanika nguo karibu na reli.

Hazikuzeeka zikiwa peke yao kazini. Mwaka 1960 zilianza kufika injini za dizeli kutoka English Electric, kampuni ambayo kufikia wakati huo ndiyo iliyokuwa ikiimiliki ile Vulcan Foundry. Dizeli haihitaji kusimama kunywa maji, wala haihitaji mtu wa kuiwashia moto saa kadhaa kabla ya safari. Hata mimi nipendaye moshi siwezi kubishana na hilo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, nchi tatu ziligawana reli na injini, na miaka michache baadaye kazi ya mvuke ikawa imekwisha Kenya, huku Tanzania ikiendelea nayo kidogo zaidi.

Njia zenyewe zilipata bahati tofauti. Baadhi zilimezwa na nyasi. Ya Nanyuki ilikarabatiwa, na mwaka 2020 treni ya abiria ikarudi huko, ikivutwa na dizeli. Mwaka huohuo Arusha nayo ikapata treni yake tena.

Mkifika Nairobi, ombeni mpelekwe kwenye Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Nyaturu namba 3020 yuko pale, mbali na Singida kwa Wanyaturu wenyewe, pamoja na Masai of Kenya namba 2921. Funikeni vibao vyao kwa mkono, kisha mhesabu magurudumu ya injini yenyewe bila yale ya tangi la nyuma. Yakiwa 12, huyo ni Masai. Yakiwa 14, mmempata Nyaturu.