Ngano Ikikudhuru, Uliza Kabla ya Kula Hotelini

Binamu yangu, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliagiza wali kwa mchuzi wa nyama katika hoteli moja jijini Nairobi. Chapati aliikataa, kwani daktari alikuwa amemkataza ngano. Usiku huo tumbo lilimsokota, akahara hadi alfajiri. Tuliporudi kuuliza, mpishi alishangaa: "Mchuzi tunautia unga wa ngano kidogo tu, uwe mzito."

Kidogo hicho ndicho kilichomponza. Binamu yangu ana ugonjwa wa siliaki. Akila glutini, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, kinga ya mwili wake huushambulia utumbo mwembamba, ukashindwa kufyonza chakula vyema. Mgonjwa huweza kukonda na kupungukiwa na damu. Tiba ni kuepuka glutini maishani.

Je, mtu kama huyu asile nje na wenzake? La hasha! Ugali wa mahindi, wali, githeri, viazi, mihogo, ndizi, samaki na nyama havina glutini. Hatari huingia jikoni.

Kwa hivyo, kabla ya kuagiza, mweleze mhudumu kwamba ngano hukudhuru, naye akamuulize mpishi. Ukisema tu "sili chapati", atadhani unachagua chakula. Nenda mapema, kabla ya msongamano wa saa saba, wakati wahudumu wana nafasi ya kukusikiliza.

Uliza pia kuhusu mafuta. Chipsi ni viazi, lakini zikikaangwa katika karai lililotumiwa kwa sambusa na mandazi, hazikufai tena. Jihadhari na supu nzito, soseji, kababu na sosi ya soya. Nyama choma ya chumvi ni salama zaidi, mradi ikatwe kwa kisu na ubao safi.

Nawe unayeshuku una ugonjwa huu, usiache ngano kabla ya kupimwa hospitalini, la sivyo kipimo cha damu huenda kisiuonyeshe.

Jamaa na marafiki nao wasimshurutishe mgonjwa "aonje kidogo". Hayo si maringo.

Binamu yangu bado hula katika hoteli ile ile. Siku hizi mpishi humtengea mchuzi wake kabla ya kutia unga. Hata hivyo, kila mara yeye huuliza kwanza.