Seti ya Drams Ndani ya Kompyuta

Drams za kompyuta ni programu inayotunza maelfu ya mapigo halisi ya ngoma na matoazi, kila pigo likiwa limerekodiwa peke yake, na kuyatoa kwa mpangilio anaoutaka mtunzi. Programu yenyewe haiundi sauti. Pigo linalosikika kwenye wimbo lilikwisha kupigwa na mtu mwenye vijiti mkononi, ndani ya chumba fulani, mara nyingi miaka kadhaa kabla wimbo haujatungwa. Hapo ndipo zinapoachana na mashine kama Roland TR-808 ya mwaka 1980, ambayo haikuwa na sauti yoyote iliyorekodiwa. Mdundo wake mzito ulizalishwa na saketi za umeme, ndiyo maana haufanani na ngoma yoyote ya ngozi wala ya plastiki.

Seti inayorekodiwa ni ile ya kawaida ya bendi: ngoma kubwa inayopigwa kwa pedali ya mguu, sneya yenye nyaya upande wa chini, tomu mbili au tatu, matoazi yaliyowekwa juu ya stendi, na haihati, yaani matoazi mawili yanayofumbana na kuachana kwa pedali ya mguu wa pili. Ala hizi hupigwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, na sehemu ya ugumu wa kuziiga inatokana na jambo hilo.

Mashine ya kwanza ya midundo kutumia sampuli, yaani mapigo yaliyorekodiwa, za ngoma halisi ilikuwa Linn LM-1, iliyobuniwa na Mmarekani Roger Linn na kuingia sokoni mwaka 1980 kwa bei ya takribani dola 5,000. Zilitengenezwa mia tano na ushei tu. Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali mno wakati huo, hivyo kila ala ilipewa sampuli moja fupi ya biti 8, na matoazi makubwa yaliachwa kabisa kwa sababu mlio wao mrefu ungemaliza nafasi yote. Mrithi wake, LinnDrum ya mwaka 1982, ndiye aliyeletewa matoazi. Uhaba huo haukumzuia mwanamuziki Prince kuitumia LM-1 kwenye wimbo “When Doves Cry” wa mwaka 1984, ingawa hakuna msikilizaji aliyedhani kwamba pale kuna mtu amekaa nyuma ya ngoma, wala Prince hakuwa na haja ya kumdanganya mtu.

Anayetaka kudanganya hukutana na kikwazo mapema. Sneya ikiguswa taratibu hutoa sauti iliyofifia; ikipigwa kwa nguvu hujaa mlio mkali wa juu, na nyaya zake huendelea kulia kwa muda mrefu zaidi. Tomu ikipigwa kwa nguvu, ngozi yake hukazika kwa nukta moja, hivyo sauti huanza juu kidogo kisha hushuka. Kwa hiyo kuchukua pigo zito na kulipunguza sauti hakuleti pigo jepesi. Huleta pigo zito linalosikika kwa mbali. Kikwazo cha pili ni marudio. Sampuli moja ikirudiwa haraka mara nane, sikio hugundua mara moja kwamba mapigo yote manane ni yale yale. Wanamuziki huufananisha mlio huo na wa bunduki ya rashasha, na hauna dawa zaidi ya kurekodi mapigo mengi.

Ndivyo inavyofanyika. Mpiga drams huketi studio na kuipiga sneya moja mamia ya mara, kuanzia mguso mwepesi kabisa hadi pigo la nguvu zote, akirudia kila kiwango mara kadhaa. Baada ya kila pigo hutulia bila kusogeza hata kiti, kwa sababu maikrofoni zinaendelea kurekodi mpaka mlio uishe, na mlio wa toazi kubwa huchukua sekunde nyingi kuisha. Ngozi hulegea kwa kupigwa, hivyo hukazwa upya mara kwa mara ili sampuli za jioni zisitofautiane na za asubuhi. Kisha sneya hiyo hiyo hurudiwa kwa kupigwa ukingoni, kwa kijiti kilicholazwa, na nyaya zikiwa zimelegezwa. Haihati ndiyo inayochosha kuliko zote: hurekodiwa ikiwa imefumbwa kabisa, imeachia kidogo, nusu wazi, wazi, na ikifumbwa kwa mguu bila kijiti, na katika karibu kila moja ya hali hizo hupigwa kwa ncha ya kijiti na kwa shingo yake. Kazi hii haina muziki hata kidogo, na mpigaji hodari wa jukwaani si lazima awe na subira yake.

Mapigo yakishakatwa na kupangwa kwa viwango vya nguvu, programu huyatoa kwa zamu. Mtunzi akiagiza sneya ya nguvu ya wastani mara nne, hupewa sampuli nne tofauti za kiwango hicho, na pigo la tano ndilo hurudia la kwanza au kuchaguliwa kwa bahati nasibu.

Gharama yake ni nafasi kwenye diski. Sekunde moja ya sauti ya biti 24, kwa vipimo 44,100 kila sekunde, hula baiti 132,300 kwa maikrofoni moja. Toazi linalolia kwa sekunde 10 mbele ya maikrofoni 12 hula karibu megabaiti 16, na hilo ni pigo moja. Likirekodiwa kwa viwango 20 vya nguvu, kila kiwango mara nne, toazi hilo peke yake huzidi gigabaiti 1.2. Superior Drummer 3, iliyotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Toontrack ya Uswidi, ina zaidi ya gigabaiti 230 za sauti zilizorekodiwa na fundi mitambo George Massenburg kwenye studio za Galaxy mjini Mol, Ubelgiji. Hakuna kompyuta ya kawaida inayoweza kupakia mzigo huo wote kwenye kumbukumbu yake. Suluhisho lilitokana na programu ya GigaSampler ya mwaka 1998: mwanzo mfupi tu wa kila sampuli hukaa kwenye kumbukumbu, tayari kulia, na wakati mwanzo huo unasikika, sehemu iliyobaki husomwa kutoka kwenye diski. Diski ikiwa ya polepole, mlio hukatika katikati.

Amri za kupiga husafiri kwa lugha ya MIDI, iliyokubaliwa na watengenezaji wa ala za umeme mwaka 1983. Kila amri hubeba namba ya ala na namba ya nguvu, kati ya 1 na 127. Mwaka 1991 mpango wa General MIDI uliongeza utaratibu wa ala: midundo hukaa kwenye chaneli ya 10, ngoma kubwa ni namba 36, sneya ni 38, haihati iliyofumbwa ni 42 na iliyo wazi ni 46. Kwa sababu hiyo mdundo uliopangwa kwenye kinanda cha kwaya unaweza kufunguliwa kwenye programu ya bei kubwa na kila ala ikaangukia mahali pake. Haihati hupata amri ya ziada inayoeleza pedali imekanyagwa kiasi gani. Pia imewekewa sharti: ikifumbwa, mlio wake wa wazi hunyamaza papo hapo, maana matoazi mawili hayawezi kufumbana na kuachana kwa wakati mmoja.

Amri zenyewe huweza kuchorwa kwa kipanya, kubonyezwa kwenye kibodi, au kupigwa kwa vijiti juu ya drams za umeme, kama zile za Roland zilizoanza kuwekewa ngozi za wavu mwaka 1997. Anayepiga papo kwa papo huhitaji kusikia jibu upesi. Kompyuta ikikusanya vipimo 256 kabla ya kutoa sauti, ucheleweshaji ni milisekunde 5.8, ambao mkono haujali. Ikikusanya 1,024, ucheleweshaji hufika milisekunde 23, na mpigaji huanza kuhisi kwamba ngoma inamfuata kwa nyuma.

Hata hivyo, seti nzuri huweza kutoa midundo mibovu, na kosa mara nyingi huwa la mpangaji. La kwanza ni kuipa kila amri nguvu ya 127. Hapo programu huchota sampuli nzito tu, na gigabaiti nyingine zote zilizolipiwa hubaki bila kusikika. Mpiga drams halisi huikazia haihati kwenye hesabu kuu na kuilegeza katikati, na kati ya mapigo makubwa ya sneya hudondosha mengine madogo ambayo msikilizaji huyahisi zaidi ya kuyasikia. La pili ni mkono wa tatu. Binadamu ana mikono miwili na miguu miwili. Akiteremka kwenye tomu kwa mikono yote miwili, haihati haina wa kuipiga kwa kijiti. Kompyuta haijui hilo, lakini yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya drams atalibaini kabla ya ubeti kuisha.

La tatu ni muda. Mapigo yakinyooshwa yote yakae sawasawa kwenye mistari ya gridi, uhai hupungua, na wengi hujaribu kuurudisha kwa kuyatawanya ovyo milisekunde chache huku na huko. Dawa hiyo haifai sana. Mwaka 2015 watafiti walipima haihati aliyoipiga mpiga drams Jeff Porcaro kwenye wimbo “I Keep Forgettin'” wa Michael McDonald wa mwaka 1982. Waligundua kwamba mkengeuko wa kila pigo unahusiana na wa mapigo yaliyotangulia, hata ya mbali: mpigaji huelekea mbele au nyuma ya mdundo kwa mawimbi marefu. Kutawanya ovyo hakujui mawimbi hayo. Hufanana zaidi na mtu aliyechoka.

Jambo linalozitenga seti kubwa na mikusanyo ya mapigo mafupi ni hewa ya chumba. Kila pigo hurekodiwa na maikrofoni zote kwa pamoja: iliyo karibu na ngozi, zilizoning'inizwa juu ya seti, na zilizo mbali chumbani. Ngoma kubwa ikipigwa, nyaya za sneya hutetemeka na maikrofoni ya sneya huzisikia. Mafundi mitambo wametumia miongo mingi wakijitahidi kuzuia uvujaji huo, na sasa programu huuuza kama sifa, ukiwa na kitufe chake cha kuongeza na kupunguza. Sauti husafiri mita moja kwa takribani milisekunde 3, kwa hiyo maikrofoni za juu huipata sneya ikiwa imechelewa kidogo. Pengo hilo dogo ndilo linaloliambia sikio ukubwa wa chumba. Fundi anayezima maikrofoni za juu kwa nia ya kusafisha sauti hushangaa matoazi yakipotea, kwani mara nyingi hayakuwa na maikrofoni nyingine.

Soko la seti kamili lilichangamka mwanzoni mwa miaka ya 2000. BFD ya kampuni ya Kiingereza FXpansion ilitoka mwaka 2003, na EZdrummer ya Toontrack mwaka 2006. Kabla ya hapo Toontrack walikuwa wametoa mkusanyo ulioitwa Drumkit From Hell pamoja na Tomas Haake, mpiga drams wa bendi ya Meshuggah. Albamu ya bendi hiyo ya mwaka 2005, Catch Thirtythree, ilitengenezwa kwa drams zilizopangwa kwenye kompyuta kutokana na sampuli hizo. Si kwamba bendi ilikosa mpigaji. Haake ni miongoni mwa wapigaji wanaoheshimiwa zaidi duniani katika muziki wa metali. Kwa asiye na bajeti zipo Hydrogen na DrumGizmo, ambazo hazilipiwi.

Katika studio za Dar es Salaam na Nairobi, programu inayotajwa zaidi ni FL Studio, iliyozaliwa Ubelgiji mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa jina la FruityLoops. Maprodyuza wa Bongo Flava na singeli huijaza mapigo mafupi yaliyo moja moja, wala hawana sababu ya kutaka hewa ya chumba: kwenye kasi ya singeli mlio mrefu wa toazi ungefunika kila kitu. Seti kamili hufaa pale kompyuta inaposhika nafasi ya bendi, kwenye muziki wa injili au nyimbo za dansi zinazorekodiwa upya. Pengo kubwa liko kwenye ngoma za kwetu. Chapuo, vumi na msondo hazimo kwenye mikusanyo ya kawaida, ingawa njia ya kuzirekodi ni ile ile ya sneya: maikrofoni, chumba tulivu, viwango vya nguvu na subira, pamoja na kuongeza mapigo ya kiganja, ya vidole na ya mkono uliobaki juu ya ngozi kuizuia isivume.

Zipo sauti zinazoushinda utaratibu huu. Burashi za waya zikiburutwa juu ya sneya, kama zinavyotumika kwenye jazi, hazina nukta ya pigo. Ni mwendo usiokatika, na programu iliyojengwa juu ya pigo moja moja haina pa kuushikia. Toazi nalo lina kumbukumbu yake. Likipigwa wakati bado linalia, pigo jipya hukutana na chuma kinachotetemeka, na sauti hutoka tofauti kila mara, ilhali kila sampuli ilirekodiwa toazi likiwa limetulia. Kulundika sampuli ishirini za toazi hakuleti ngurumo inayopanda polepole. Kwa hiyo baadhi ya mikusanyo huweka ngurumo hizo na miburuto ya burashi zikiwa rekodi nzima za urefu tofauti, na mpangaji huchagua ile inayokaribia kasi ya wimbo wake.