Mtoto alianguka juzi, leo mkono hausogei

Mtoto anaanguka toka juu ya mti wa avoka. Analia kidogo, anainuka, anarudi kucheza. Siku mbili kiisha, anashindwa kushika kijiko na mdomo umepinda upande mmoja. Nyumbani mmoja anasema malaria, mwingine anasema amerogwa. Ile ya kuanguka, hakuna anayeikumbuka tena.

Kumbe kiharusi, ile wengi wanaita AVC, si ugonjwa wa wazee tu. Kichwa ao shingo vikipata kishindo, ukuta wa ndani wa mshipa mkubwa wa shingoni unaweza kuchanika. Damu inaganda pale, kipande kinakatika, kinapanda mpaka kwenye ubongo na kuziba njia. Hiyo inaweza kutokea kiisha masaa, siku, hata majuma. Mara zingine ni damu inavuja ndani ya kichwa: mtoto anaonekana mzima kwanza, kiisha anatapika, anasinzia, anazimia. Hata kwa mtoto wa miezi 6 mpaka 18, kuanguka kidogo tu kunaweza, mara chache, kuleta kiharusi.

Muganga anatambua namna gani? Anaanza na maulizo, kiisha analinganisha nguvu za mikono na miguu, pande zote mbili. Anapima sukari na malaria, sababu zinaweza kuleta dalili za kufanana. Anapima pia SS, maana ugonjwa huo wenyewe unaleta kiharusi kwa watoto. Halafu picha. Skaneri inaonyesha haraka damu iliyovuja, lakini masaa ya kwanza inaweza kukosa kuona sehemu ya ubongo iliyokosa damu. IRM inaiona mapema zaidi. Picha ya mishipa ya shingo inaonyesha mahali palipochanika.

Mashini hizo hazipatikani kila mahali. Kwa hiyo neno la mzazi lina uzito: mtoto alianguka lini, aligonga wapi, dalili zilianza saa ngapi. Usiogope kusema, hata kama alianguka mikononi mwako.

Mkono ao mguu ukilegea, maneno yakipotea, mtoto akipata degedege ao akianza kuyumba, mpeleke hospitali mara moja. Usimkande shingo. Usimpe aspirini: kama damu inavuja, itazidi. Na usingoje kesho. Ubongo uliokosa damu unakufa kila dakika.