Mgongo huo una bei gani, mshikaji?

Jamani, hapa Dar kuna vijana wana miili ya kutisha. Kifua kimejaa, shingo kama ya fahali, wakipita na fulana ya kubana kina dada wanageuka. Wengi wao hawajawahi kukanyaga jimu. Jimu yao ni Fuso la viazi likiingia soko la Ilala alfajiri.

Mimi hupenda kukaa kwenye vijiwe vyao vya chai, maana stori zao ni bomba. Lakini ukiwasikiliza vizuri utagundua kwamba karibu kila kuli mgongo unamuuma, na hakuna anayethubutu kusema. Analipwa kwa gunia. Akisema anaumwa, gunia linachukuliwa na mwenzie na nyumbani hakuliki. Dawa ni vidonge viwili vya maumivu, chai ya rangi, twende kazi!

Halafu kuna lumbesa. Wengi tunaijua kama dhuluma kwa mkulima: gunia limeshajaa, linaongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba. Ni marufuku kisheria, na bado ipo. Ila nani anakumbuka kwamba kilemba hicho nacho kinabebwa na mtu? Tangu 1967 Shirika la Kazi Duniani linapendekeza mzigo wa kubebwa na mwanaume mtu mzima usizidi kilo 55. Mfuko wa saruji wa kilo 50 umepona. Gunia la kilo 100 ni karibu mara mbili, na lumbesa ndiyo usiseme!

Katikati ya pingili za uti wa mgongo kuna vitu laini kama vijito. Ukiinama miguu imenyooka, ukanyanyua mzigo ulio mbali na mwili, vinabanwa upande mmoja. Siku kimoja kikichomoza na kugusa mshipa wa fahamu, maumivu na ganzi vinashuka hadi mguuni. Hapo hata kufunga kamba za viatu ni noma.

Nilimuuliza mmoja kwa nini wasibebe wawili wawili. Akacheka.

"Braza, tukibeba wawili hela ya gunia tunagawana. Hiyo nusu nyingine utanipa wewe?"

Sikuwa na jibu.

Kwenye magodauni ya Barabara ya Nyerere kazi ni ileile, imeongezeka paa tu. Rundo la magunia lipangwe kwa kupishana kama tofali, na anayechomoa gunia la chini kwa kuwa ndilo la karibu analiita rundo zima limwangukie. Lori likirudi nyuma, utingo asisimame nyuma yake akipiga kelele "njoo, njoo!" Asimame pembeni, akitazama kioo cha dereva. Kama huioni sura ya dereva kwenye kioo, naye hakuoni. Na kabla ya kushusha, tairi liwekewe kabari au jiwe.

Ukiumia je? Bara tunayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, na Mfuko wake, WCF, ulianza kupokea michango Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata senti. Kuna matibabu, kuna malipo ukiwa huwezi kufanya kazi, na ukifa wategemezi wako hawaachwi hivihivi.

Utata uko sokoni. Bosi wa kuli ni nani? Mwenye viazi anamsonta mwenye Fuso, mwenye Fuso anamsonta dalali, dalali kazima simu.

Lakini wewe wa godauni, ambaye bosi wako unamjua kwa sura na jina, muulize kesho asubuhi kama amesajiliwa WCF. Ukiumia, toa taarifa siku ileile, mbele ya mwenzio aliyeona. Bosi akinuna, ofisi za WCF na za OSHA zipo, na kuingia kuuliza ni bure.