Waya wa Tatu

Fundi umeme akishafunga soketi, swichi na taa, mwenye nyumba huona wayaringi imekwisha. Fundi anayeijua kazi yake huchukua nyundo, akatoka nje, akatafuta mahali penye unyevu karibu na ukuta, akaanza kugongelea fimbo ya shaba ardhini. Hiyo ndiyo ethi rodi. Haiwashi taa wala haichemshi maji, ndiyo maana pesa ikipungua huwa ya kwanza kurukwa. Ni kosa kubwa.

Ndani ya soketi huingia nyaya tatu. Waya wa moto huleta umeme, nyutro huurudisha, na wa tatu, wenye rangi ya kijani na njano, huungana na rodi hiyo na hukaa bila kazi mpaka siku ya hitilafu. Siku hiyo waya wa moto nyuma ya friji umechubuka na shaba yake imegusa bati. Kama ethi haipo, friji inaendelea kugandisha kama kawaida, kumbe mwili wake wote una volti 230. Mtoto anatoka kuoga, miguu imelowa, anashika mlango.

Wengi huamini sakiti breka itamwokoa. Breka kazi yake ni kulinda waya usipate moto, na ile ya soketi mara nyingi ni ya ampea 32. Mwili uliolowa ukiwa na ukinzani wa omu 1,000, volti 230 hupitisha ampea 0.23 tu. Kwa breka hiyo si kitu. Kwa moyo wa binadamu ni kifo.

Ethi ikiwepo, umeme uliovuja hupata njia nyepesi kuliko mwili wa mtu. Lakini njia hiyo inategemea udongo. Mchanga mkavu hupitisha umeme kwa shida, kwa hiyo fundi huzamisha rodi zaidi au huunganisha mbili. Wazee wa kazi walizoea kushindilia mkaa na chumvi shimoni. Hata hivyo, ukinzani wa ardhi ukiwa omu 23, zitapita ampea 10 tu na breka ya 32 itatulia pale pale. Hapo ndipo panapohitajika RCD, kifaa kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, kinakata kabla mtu hajamaliza kupiga kelele.

Halafu kuna mazoea yetu ya nyumbani. Chaja ya pini mbili ikigoma kuingia, mtu huchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu au kijiti. Tundu hilo ni la ethi. Pini yake imefanywa ndefu makusudi iingie kwanza, ifungue vizibo vya matundu mawili ya chini. Anayechokonoa anafungua mlango wa umeme bila ulinzi wake.

Tanzania, leseni za mafundi umeme hutolewa kwa madaraja na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, na mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona. Aulize na jambo moja zaidi: ethi imepimwa, na imesoma omu ngapi? Fundi aliyepima atajibu kwa namba. Kisha wasimame pamoja mbele ya RCD wabonyeze kitufe chake cha majaribio. Umeme ukikatika papo hapo, fundi alipwe.