Rangi ya Chumba cha Kulala

Katika nyumba za kambi chumba cha kulala mara nyingi ndicho walalamo watoto pia. Kwa hiyo kuchagua rangi yake si jambo la urembo peke yake.

Nyeupe, au ile ifananayo na maziwa, hurudisha mwanga, nacho chumba chenye dirisha dogo huonekana kipana. Jaribu kipande kidogo ukutani, ukitazame asubuhi na tena usiku taa ikiwaka.

Lakini zaidi jihadharini na rangi za mafuta zilizokolea: manjano, nyekundu na ya machungwa. Hizo ndizo ambazo mara nyingi hupatikana na risasi nyingi, kwa kuwa baadhi ya viwanda huzitia madini hayo ili zikolee. Ukuta ubambukapo, mtoto atambaaye hutia vumbi kinywani, na risasi hudhuru ubongo wake pasipo dalili za mapema. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa salama.

Dukani, ulizeni kopo lililoandikwa kuwa halina risasi. Rangi ya zamani isisuguliwe kwa msasa mkavu; iloweshwe kwanza, na mama mjamzito na watoto wakae mbali hadi sakafu ipigwe deki.