Fedha: Maghorofa yapanda, mabomba yabaki yalivyokuwa

Alfajiri, kabla magari hayajaziba barabara ya Outer Ring, sauti zinazotangulia katika vichochoro vya Embakasi, jijini Nairobi, ni ngurumo za pampu za maji na mikwaruzo ya mikokoteni iliyosheheni mitungi. Wapangaji wanaoishi orofa za juu hupima siku yao kwa mitungi hiyo: mmoja wa kupikia, mmoja wa kufulia, na yale yaliyofulia huhifadhiwa kwa ajili ya choo.

Mtaa wa Fedha uko katikati ya hali hiyo. Unapakana na mtaa wa Nyayo, ambao nyumba zake zaidi ya 4,000 zilijengwa kwa mpango na Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF), na vile vile uko karibu na Tassia na Pipeline, ambako maghorofa yamebanana kiasi kwamba mkazi wa jengo moja aweza kumpa mkono jirani yake wa jengo la pili dirishani. Ndani ya Fedha kwenyewe, mpita njia huona sura zote mbili: nyumba ya familia moja yenye lango na ua, na ubavuni mwake jengo la orofa kadhaa lililoinyima jua.

Aulizwapo sababu ya uhaba wa maji, maji taka yanayofurika na misongamano isiyokwisha, mwananchi wa kawaida hujibu kwa maneno mawili: watu wamezidi. Jibu hilo si la uongo, ila ni nusu tu ya habari.

Takwimu za sensa zinaonyesha kwamba Nairobi ilikuwa na watu wapatao 119,000 mwaka wa 1948. Walifika 509,286 mwaka wa 1969, wakapita milioni mbili mwaka wa 1999, na mwaka wa 2019 wakahesabiwa 4,397,073. Hata hivyo, ongezeko hilo halikugawanyika sawa. Kaunti ndogo ya Makadara, yenye mitaa mikongwe ya Eastlands, ilikuwa na watu 189,536 mwaka huo wa 2019. Embakasi ilikuwa na 988,808, yaani zaidi ya watu 11,000 katika kila kilomita moja ya mraba. Ikumbukwe kwamba eneo hilo lina uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta, ambako hakuna anayelala ila msafiri aliyecheleweshewa ndege. Ukiuondoa uwanja huo na mabohari yanayouzunguka, ardhi iliyobaki kwa makazi ina watu wengi kuliko hesabu hiyo inavyodokeza.

Mashariki mwa jiji hapakuchaguliwa na maskini kwa hiari yao. Nairobi ilianza mwaka wa 1899 kama kituo cha reli, na serikali ya kikoloni ikawagawa watu kwa rangi na kwa udongo. Wazungu walichukua vilima vya magharibi vyenye udongo mwekundu na hewa nzuri. Waafrika walisukumwa kwenye tambarare za mashariki, zenye udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Makao waliyojengewa huko mengi yalikuwa vyumba vya mfanyakazi asiye na familia, kwani ilidhaniwa kwamba kazi ikiisha atarudi kijijini. Uwanja wa ndege wa Embakasi nao ulijengwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa vita vya Mau Mau, ukafunguliwa 1958.

Baada ya uhuru, mipango ilikuwepo. Buruburu, Umoja, Dandora na Kayole zote zilichorwa kwenye karatasi kabla ya tofali la kwanza kuwekwa. Dandora, kwa mfano, ilianzishwa katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na kila aliyepewa kiwanja alikuta choo na bomba vikimsubiri, ili ajenge vyumba polepole kadiri ya uwezo wake. Waliobuni mpango huo waliwaza juu ya mwenye nyumba anayeishi humo na wapangaji wachache. Hawakumwaza mwekezaji.

Ndipo ilipo hesabu inayoeleza mengi kuhusu Embakasi ya leo. Tuchukue mfano wa kiwanja cha futi 40 kwa 80, kipimo kinachofahamika na kila dalali wa ardhi nchini. Kiwanja hicho kikijengwa nyumba ya familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 50 za maji kwa siku, nyumba nzima hutumia lita 250. Sasa mwenyewe akibomoa na kuinua jengo la orofa saba, kila orofa ikiwa na vyumba vinane, kila chumba watu watatu, wakazi huwa 168. Kwa kiwango kile kile cha lita 50, jengo litahitaji lita 8,400 kila siku. Wahandisi wa maji taka hukadiria kwamba takriban asilimia 80 ya maji yatumikayo nyumbani huingia kwenye mtaro wa uchafu. Basi bomba lililozoea kupokea lita 200 kutoka kiwanja hicho sasa litapokea zaidi ya lita 6,700, na ng'ambo ya barabara jirani ameanza kuchimba msingi wa jengo lake.

Mwekezaji hafanyi hivyo kwa ukatili. Chumba kimoja chenye choo ndani hupata mpangaji upesi kuliko nyumba ya vyumba vitatu, na kodi ya vyumba 56 hulipa mkopo ambao kodi ya familia moja haiwezi kuulipa. Mpangaji naye si mjinga. Kutoka Pipeline au Tassia aweza kutembea hadi viwandani, hadi kwenye mabohari ya barabara ya Mombasa au hadi uwanja wa ndege, akaokoa nauli ambayo ingemla mshahara nusu kama angeishi mbali. Chumba chembamba kilicho karibu na kazi kina faida ambayo nyumba kubwa ya mbali haina. Wanaotaka maghorofa hayo yabomolewe yote kwa siku moja husahau kuuliza watu hao watalala wapi.

Tatizo, basi, ni kwamba matofali yana mwenyewe na bomba halina. Kila ghorofa lina mtu anayehesabu faida yake mwisho wa mwezi, lakini mtaro wa maji taka ni mali ya umma, na huongezwa tu pale bajeti, zabuni na siasa zikikubaliana. Tassia inaonyesha jambo hilo waziwazi. Ardhi hiyo ilikuwa ya NSSF, ikavamiwa, kisha wakaaji wakauziwa viwanja walivyokuwa wamekalia. Nyumba zikatangulia. Hazina hiyo ilipotaka kujenga barabara na mabomba kwa zaidi ya Sh5 bilioni, mradi ulizua mvutano mwaka wa 2013 na 2014 hadi ukafika mbele ya kamati ya Bunge. Kupitisha mtaro katikati ya majengo yaliyokwisha kusimama ni kazi ghali kuliko kuuchimba kwenye kiwanja kitupu, na kila nyumba iliyo njiani huwa kesi.

Kuhusu maji yenyewe, Nairobi ilipata bwawa la Ndakaini, kaunti ya Murang'a, mwaka wa 1994. Tangu hapo jiji lilikaa karibu miaka thelathini bila chanzo kingine kikubwa, hadi handaki la kilomita zipatazo 12 linalokusanya maji ya mito ya Murang'a lilipozinduliwa mwaka wa 2022, likikusudiwa kuongeza mita za ujazo 140,000 kwa siku. Katika miaka hiyo wakazi walizidi maradufu. Wenye majengo walichimba visima, na biashara ya malori ya maji ikanawiri. Ila maji ya chini ya ardhi ya Nairobi huwa na madini mengi ya floraidi, ambayo mtoto akiyanywa kwa miaka humwachia meno ya rangi ya kahawia. Zaidi ya hayo, mnunuzi wa mtungi hulipa bei kubwa kwa kila lita kuliko mwenye bomba nyumbani, hivyo anayepata kidogo ndiye anayetozwa zaidi.

Mteremko wa jiji nao hauwasaidii wa mashariki. Mito ya Nairobi, Mathare na Ngong hutiririka kutoka magharibi kwenda mashariki, na mto Ngong hupita Kibra, viwandani na Mukuru kabla ya kuingia Embakasi. Kinachotupwa juu hufika chini. Mvua kubwa za Aprili na Mei 2024 ziliposababisha mafuriko, serikali iliamuru watu waondoke mita 30 kutoka kingo za mito, na waliobomolewa wengi walikuwa ni wale wale waliokosa mahali pengine.

Uhai wenyewe umo hatarini pia. Mnamo Desemba 6, 2019, jengo la orofa sita liliporomoka Tassia na kuua takriban watu 10. Udongo mweusi hudai msingi wa kina, na orofa iliyoongezwa kimyakimya haiwezi kuongezewa msingi. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka katika eneo la Mradi, Embakasi, kutoka kituo cha kujazia gesi kilichokuwa katikati ya makazi. Watu kadhaa walifariki na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Mamlaka ya kudhibiti kawi (EPRA) ilisema kwamba ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo hapo mara tatu mwaka wa 2023. Mamlaka ya mazingira (NEMA), kwa upande wake, ilikuwa imetoa leseni mwaka huo huo, na baadaye ikawasimamisha kazi maafisa wake wanne. Ofisi moja ilisema la, nyingine ikasema ndiyo, na mwombaji akaichukua ile ndiyo.

Nairobi si jiji la kwanza kujaa vyumba vya kupanga. Mtafiti Marie Huchzermeyer, katika kitabu chake cha mwaka wa 2011, ameyalinganisha maghorofa ya Nairobi na yale yaliyoijaza Berlin katika karne ya 19. Berlin nayo ilikuwa na vyumba vya giza na familia zilizorundikana. Lakini mhandisi James Hobrecht alichora barabara pana za jiji hilo mwaka wa 1862, na kuanzia 1873 akasimamia ujenzi wa mitaro ya maji taka chini ya mitaa. New York nayo ilipitisha sheria mwaka wa 1901 iliyodai dirisha katika kila chumba na choo ndani ya kila nyumba mpya. Mengi ya majengo hayo marefu yangali yanakaliwa, na vyumba vyake leo hukodishwa kwa pesa nyingi. Wingi wa watu ulibaki. Kilichobadilika ni hewa, mwanga na mabomba.

Kenya haikosi sheria. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 yamtaka mwenye kiwanja anayetaka kugeuza nyumba ya familia moja kuwa ghorofa la wapangaji aombe idhini ya kaunti na kuutangazia umma. Matangazo hayo huchapishwa magazetini kwa herufi ndogo, na hubandikwa kwenye kibao nje ya kiwanja chenyewe. Jirani ana siku 14 za kuwasilisha pingamizi kwa maandishi, na halazimiki kuwa wakili: aweza kuuliza tu bomba la mtaa lina upana gani, na maji ya watu 168 yatapitia wapi. Wengi hukipita kibao hicho wakielekea kwenye matatu, na wanapokumbuka kukisoma, tingatinga huwa limeshaingia uani.